Bega la Kaisa

Watu wa Pelto, huko kaskazini ya Michigan ambako theluji huanza kuanguka watu wakiwa bado wanang'oa viazi, wana utani wao wa Novemba, mwezi wa kuwinda kulungu. Ukisikia mlio mmoja wa bunduki msituni, hiyo ni nyama. Ukisikia miwili, huenda. Ukisikia mitatu, basi ni Lahtinen.

Reino Lahtinen aliuchukia utani huo kwa sababu ulikuwa wa kweli. Babu yake, baba yake na yeye mwenyewe, wote walianzia kwenye bunduki moja, ndefu na nzito, yenye kitako cha mbao ya mjozi, ambayo mzee wa kwanza wa ukoo aliinunua kwa mshahara wa mgodi wa shaba. Kila mtoto aliyefikisha miaka kumi na mitatu alikabidhiwa. Alifyatua, nayo ikampiga teke, na jioni kambini, kwenye kibanda chao cha mbao msituni, alishusha kola ya shati wakubwa wakalitazama bega lililovilia damu, wakacheka kwa furaha na kumwambia sasa amekuwa mtu. Hakuna aliyeuliza kama bunduki inamtosha. Ilikuwa kama sweta ya shule: mnunulie kubwa, atakua.

Novemba iliyopita zamu ilikuwa ya Kaisa, binti yake Reino na mtoto wake wa pekee. Kaisa alikuwa mfupi na mikono yake mifupi pia. Kitako hakikumkaa begani, kilimkaa kwenye msuli wa mkono, na ili aone chochote ndani ya darubini iliyofungwa juu ya bunduki ilimbidi anyooshe shingo kama kobe. Alipofyatua, bunduki ilirudi nyuma na ukingo wa darubini ukampasua kwenye nyusi. Kulungu aliondoka zake hata bila haraka.

Na bado hayo si ya kuudhi kuliko yote. Ukoo ule, kama koo nyingi za wawindaji wa kule, una desturi kwamba anayekosa kulungu hukatwa pindo la shati. Pindo huandikwa jina na mwaka, likapigiliwa misumari kwenye ukuta wa kambi. Mzee Veikko, babu yake Kaisa, alichukua mkasi akamkata mjukuu wake pindo mtoto akiwa bado ameshikilia taulo usoni. Alifanya hivyo kwa mapenzi, nakubali, maana kwake hiyo ilikuwa heshima. Lakini kuna mapenzi mengine afadhali mtu angebaki nayo moyoni. Joanne, mama yake Kaisa, ambaye ni muuguzi na hajawahi kugusa bunduki, ndiye aliyeshona ile nyusi, na siku ile aliwaambia baba na babu maneno ambayo nitayaacha huko huko hospitali.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Tangu siku ile Kaisa hakulitaja neno kulungu. Mwezi wa Agosti, wakiwa mezani wanakula mkate wa iliki na kahawa, Reino alijikaza akauliza kama safari hii atakuja kambini.

"Nitakuja," Kaisa alisema. "Nitakaa na babu jikoni."

Reino aliurudisha mkate wake sahanini. Baba yake alikuwa ameacha kuingia msituni misimu miwili sasa. Alisema goti lake halitaki theluji, na kwamba mpishi naye ni mwindaji. Sasa na mtoto anahamia jikoni. Reino alijiona peke yake chini ya msonobari, amezeeka, akimsubiri kulungu na hana mtu wa kumnong'oneza, na jambo hilo lilimtisha kuliko alivyoweza kueleza.

"Bunduki ni ileile iliyomfundisha baba yako," Mzee Veikko alisema akichovya mkate. "Mwaka wa kwanza hupiga kila mtu. Ukirudi mwaka wa pili itakuzoea."

"Babu, naomba nikuulize. Ukuta wa kambi umewahi kuusoma?"

"Nimeupigilia mimi, nisome nini tena?"

"Mimi niliusoma. Nililala pale mchana kutwa na barafu usoni, sina la kufanya. Mapindo karibu yote ni ya kwetu. Baba yuko mara nne. Shangazi Aila. Wewe mwenyewe uko juu ya mlango mpaka karibu na dirisha. Kwani sisi wote ni vipofu?"

Reino alitazama kikombe chake. Mzee Veikko alitafuna polepole sana.

"Ni bahati mbaya," alisema.

"Bahati mbaya ya watu watatu mfululizo, na bunduki moja!" Kaisa alisema. "Sawa, babu. Labda kulungu ndio wachawi."

Joanne, aliyekuwa kwenye sinki amewapa mgongo, alicheka mpaka sahani ikamponyoka. Reino hakucheka. Alikuwa akikumbuka kwamba tangu utoto wake, kila anapofyatua, anafumba macho kabla ya mlio. Hakuwahi kumwambia mtu. Alidhani ni woga wake mwenyewe.

Jumamosi ile alimpeleka Kaisa kwa Elwyn Tregonning, mwenye duka la vifaa, anayeuza misumeno, koleo za theluji na bunduki chini ya paa moja. Mzee Veikko aliwafuata na gari lake mwenyewe, apate kununa kwa raha. Siku hiyo ilikuwa ya jua kali. Kaisa alivaa fulana na kaptula, akatembea kando ya ukuta wa bunduki mikono nyuma kama mtu aliyepelekwa kuangalia jeneza.

Tregonning alimshushia moja ya rangi ya waridi.

"Hii ya nani?" Kaisa aliuliza. "Ya mdoli?"

"Nilijua utasema hivyo. Basi irudi ukutani." Akampa nyingine, nyepesi kiasi kwamba Kaisa aliinyanyua kwa mkono mmoja akafurahi. Tregonning akatikisa kichwa. "Usidanganywe na wepesi. Nyepesi kupita kiasi hupiga mateke kama punda. Tunataka uzito ambao utaushika mpaka nimalize kukuhadithia ugomvi wangu na shemeji yangu."

Bunduki ya tatu ilikuwa fupi, ya mtutu mweusi na kitako cha mbao isiyo na mbwembwe, ya risasi ya wastani inayomwangusha kulungu bila kumwadhibu mpigaji. Tregonning aliifungua mbele yake, akamwonyesha kwamba ni tupu, akamwambia naye atazame na kutia kidole kuhakikisha. Kisha akasema, "Funga macho. Iweke begani kama inavyotaka kukaa yenyewe. Laza shavu kwenye kitako. Usitafute kitu, tulia. Sasa fungua. Unaona nini?"

Ukutani, mwisho wa duka, kulikuwa na samaki mkubwa aliyekaushwa.

"Samaki."

"Mzima au nusu?"

"Mzima. Mduara wote uko wazi." Shingo yake ilikuwa imenyooka vizuri na kiwiko kimekunjika bila taabu. Reino aliona mabega ya mwanawe yakishuka, kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

"Hiki kitako kina siri," Tregonning alisema. Alifungua skrubu mbili nyuma ya bunduki akatoa mpira wa kitako, na katikati pakaonekana kibao chembamba cha plastiki. "Akikua unaongeza kibao kingine, kitako kinarefuka. Kwa leo kimoja kinamtosha."

"Weka na cha pili," Reino alisema.

"Leo kimoja kinamtosha, Reino."

"Mpaka Novemba atakuwa amekua. Tangu Pasaka viatu vimemkataa mara mbili. Weka tu."

Tregonning alimtazama Kaisa. Kaisa aliangalia sakafu. Kibao cha pili kikawekwa, skrubu zikakazwa.

Mzee Veikko aliyekuwa karibu na koleo alisema kwa sauti ya kusikika, "Bunduki ya vibao. Mwakani tutamnunulia ya matairi."

Wiki zile za vuli Kaisa aliizoea bunduki yake nyumbani, tupu, chumbani kwake, kila jioni kidogo. Hata alianza kumuuliza baba yake habari za upepo na nyayo. Reino, ambaye kazi yake ni kuendesha gari la kukwangua theluji barabarani na hivyo hana shughuli nyingi kabla haijaanguka, alijihisi kijana. Walingoja siku ya baridi, wakaenda kwenye shimo la zamani la kokoto ambako watu wa Pelto hujaribia bunduki zao. Theluji ya kwanza ilikuwa imelala chini. Mzee Veikko alikuja pia, na chupa ya kahawa na uso wa hakimu.

Kaisa alivaa sweta mbili na koti lake la uwindaji la sufu nene, rangi ya chungwa, akaziba masikio, akainua bunduki. Kitako kilikwama kwapani. Akakivuta, akainua tena, kikakaa juu ya mkono. Akanyoosha shingo. Akasimama hivyo kidogo, kisha akaishusha, akaifungua, akailaza mezani. Kidole chake kilikwenda kwenye nyusi.

"Nimeona kivuli tu," alisema. "Weusi na kipande kama cha mwezi. Ni ileile, baba. Mmebadilisha rangi tu."

Akageuka akaenda kwenye gari. Mlango ulijifunga kwa nguvu.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Mzee Veikko alisema.

"Baba, leo nakuomba unyamaze," Reino alisema, na wote wawili walishangaa, maana hakuwahi kumwambia hivyo.

Alisimama pale theluji ikimwingia kwenye viatu. Aliona kabisa kwamba amemkosa Kaisa. Mtoto alikuwa amerudi mpaka mlangoni, na yeye amemfungia tena. Hasira yake aliielekeza kwa Tregonning, kisha kwa kiwanda, kisha kwa Mungu, na hakuna aliyeipokea. Akaenda kwenye gari. Ndani Kaisa alikuwa amewasha joto, amevua koti na sweta zote mbili akazitupa kiti cha nyuma, amebaki na fulana. Mikono yake ilikuwa myembamba vilevile. Lile rundo la sufu nyuma yake lilikuwa kama mtu wa pili amelala.

Reino alilitazama koti. Akatazama fulana.

"Kaisa. Dukani ulivaa nini?"

"Fulana. Ilikuwa Agosti, baba."

"Na nani anawinda kulungu Agosti?"

Kaisa aligeuka akalitazama rundo la nguo. Kisha alianza kucheka, cheko la mtu ambaye bado hajamaliza kulia. "Hakuna," alisema. "Jamani! Hata babu hakufikiria!"

"Babu yako alikuwa ana shughuli ya kununa." Reino alifungua kisanduku cha gari akatafuta bisibisi. "Tena nisikilize. Koti nene limekisukuma kitako mbele, na hilo ni kosa letu sote. Lakini kile kibao cha pili nilikiweka mimi, na sikukuuliza."

"Nilijua kinazidi."

"Mbona hukusema?"

"Mngesema nitakua."

Hilo lilimwingia Reino hadi kwenye mfupa, kwa sababu ni kweli wangesema. Aliiweka bunduki juu ya boneti, akafungua skrubu kwa vidole vilivyokufa ganzi, akatoa kibao cha pili, akatoa na cha kwanza, akaurudisha mpira. Kaisa alivaa kila kitu chake, sweta kwa sweta, koti mpaka kifungo cha juu.

"Funga macho," Reino alimwambia.

"Najua, baba." Akafunga. Bunduki ilipanda, ikapita koti bila kukwama, ikatulia ndani ya bega. Akalaza shavu. Akafungua jicho.

"Mzima," alisema kwa sauti ndogo.

Upande wa pili wa shimo kulikuwa na sahani ya chuma imening'inizwa kwa mnyororo. Reino alisogea nyuma yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwangalia mtu akifyatua. Aliona jambo moja ambalo lilimfanya asahau baridi: macho ya Kaisa hayakufumba. Sahani ililia ting, ikabembea. Kaisa aligeuka na uso wote ni meno.

"Imenisukuma tu!" alisema. "Baba, imenisukuma tu, haikunipiga!"

Mzee Veikko alikuwa akimimina kahawa kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto ameuficha ndani ya koti, analikanda bega lake.

Siku ya kumi na tano ya Novemba, msimu wa kuwinda unapofunguliwa, shule za Pelto hufungwa, kwa sababu hata mwalimu mkuu hangekuwepo. Reino na Kaisa walikuwa wameketi chini ya msonobari tangu giza halijaondoka. Walikaa kimya mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha dume mwenye pembe changa alitoka kwenye vichaka akitembea kwa kusitasita, akaonyesha ubavu. Reino alitaka kunong'ona sasa, sasa, akajing'ata ulimi. Kaisa alingoja. Dume alipiga hatua nyingine akasimama.

Mlio ulikuwa mmoja. Dume aliruka, akakimbia kidogo, akaanguka penye mwanga.

Kaisa alitokwa na machozi, ya furaha na ya kumhurumia yule mnyama pia, na Reino hakumwambia afute. Alimshika kichwa kilichojaa kofia akakibana kifuani kwake. Walimwendea dume pamoja, wakapiga magoti kwenye theluji, na baba akamfundisha mwanawe kazi iliyobaki.

Walipomburuta hadi kambini, Mzee Veikko alikuwa amesimama mlangoni. Mkasi ulikuwa mezani nyuma yake, tayari.

"Nilisubiri mlio wa pili," alisema.

"Haupo, babu."

"Nimesikia kwamba haupo." Alimtazama dume, akamtazama mjukuu wake, akaondoa mkasi mezani akautia kwenye droo. Kisha akaanza kukata vitunguu, maana siku ya kwanza kambini huliwa moyo wa kulungu wa kukaanga. Alikata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika, na alipopangusa macho kila mtu alimsingizia kitunguu.

Baada ya chakula, jua likiwa bado juu ya miti, Reino alimkuta barazani. Bunduki fupi ya Kaisa ilikuwa mikononi mwa mzee, imefunguliwa, tupu, na kitambaa cha mafuta juu yake. Hakuwa akiifuta. Aliiinua nusu, akaona anatazamwa, akaanza kufuta kwa bidii.

Kaisa alitokea nyuma ya baba yake. "Babu. Leseni ya kuwinda ya mwaka huu umenunua?"

"Nanunua kila mwaka."

"Ya nini? Ya kukorogea supu?"

Reino alitaka kumkanya. Lakini mzee alicheka kidogo, kisha cheko likamwishia.

"Si goti," alisema. "Goti ni zima. Ile bunduki kubwa siiwezi tena, mjukuu wangu. Bega limekwisha, imelitwanga maisha yangu yote. Na sijui mikono imeenda wapi. Naona kama inapungua." Aliyasema hayo akitazama miti, si wao.

Reino alikuwa amekula supu ya mtu huyu misimu miwili, akaisifu chumvi yake, wala hakuwahi kuuliza.

Kaisa aliingia ndani. Alirudi na koti la babu yake, zee, la miraba ya rangi ya chungwa, na mfukoni mwa suruali alikuwa na vile vibao viwili na bisibisi.

"Vaa koti kwanza," alisema.

"Sitaki mchezo, mtoto wewe."

"Vaa koti, babu. Sisi hatupimi watu na fulana."

Akavaa. Kaisa alimwangalia mikono, akakunja uso kama Tregonning, akaweka kibao kimoja, akakaza skrubu. Akaifungua bunduki tena, akamwonyesha kwamba ni tupu, akamwambia naye atie kidole.

"Sasa funga macho. Iache ikae yenyewe. Laza shavu."

Mzee Veikko alifunga macho. Bunduki ilipanda mpaka begani kwake, polepole, na Reino aliona uso wa baba yake ukingoja maumivu. Hayakuja.

"Fungua. Unaona nini?"

"Msonobari."

"Mzima au nusu?"

Mzee alilisogeza shavu kidogo kwenye kitako. "Mzima. Na kunguru juu yake, mjinga, hajui kama namtazama."

Aliishusha, akaishika kifuani, hakuirudisha.

"Niazime kesho," alisema. "Asubuhi tu. Tutakwenda wote wawili, wewe utanionyesha pale mlipokaa."

"Na nani atapika?" Kaisa aliuliza, na wote wawili wakamgeukia Reino.

Asubuhi iliyofuata waliondoka pamoja, mzee na mtoto, migongo miwili ya chungwa yenye kimo karibu kimoja, wakigombana kwa kunong'ona ni nani atangulie. Reino alibaki na jiko la kuni, sufuria na gunia la viazi. Alimenya. Kwenye ukuta mapindo ya ukoo wake yalicheza kidogo kila upepo ulipoingia mlangoni, na la Kaisa lilikuwa mwisho, bado na doa lake la damu. Alifikiria kulitoa, kisha akaliacha. Mwenyewe ataamua.

Ndipo mlio ukaja, wa mbali, kutoka upande wa msonobari.

Reino alisimama na kisu mkononi na kiazi kilichomenywa nusu, akageuza sikio dirishani. Alisubiri wa pili. Supu ilianza kuchemka, ikafurika, ikazima moto upande mmoja, naye hakuigusa, bado anasubiri, mpaka aliposikia watu wawili wanacheka wakija chini ya miti.